Uji wa Mwenye Ndevu

Mwinjuma alikuwa na ugonjwa mmoja wa siku nyingi: kukubali kwanza, kufikiri baadaye. Ndivyo alivyoingizwa kwenye kamati tatu za msikiti bila kuhudhuria kikao hata kimoja, na ndivyo alivyojikuta, asubuhi moja ya mwezi wa nane, simu ikiwa sikioni, akimwahidi binti yake kitu ambacho hakuwa nacho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo linaendeleaje?"

"Tumbo lipo, linanitangulia kila mahali. Baba, zimebaki wiki mbili. Mama mkwe kashaanza kunitajia supu ya kuku na uji wa pilipili manga. Mimi sitaki. Nikijifungua nataka uji wa uwanga, ule wa mama."

"Upo," alisema Mwinjuma. "Mama yako aliacha. Nitakuletea mwenyewe."

Firdausi alikuwa upande wa pili, huko Mkuza, Kibaha, alikoolewa na fundi majokofu aitwaye Seifu. Akasema ahsante kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameitumia tangu siku ya msiba. Zuwena, mama yake, alifariki mwezi wa kumi na mbili, kabla hata Firdausi mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Mama hakuwahi kusikia habari ya mjukuu. Mwinjuma alipokata simu alijiapiza kwamba kama kuna jambo moja atalitimiza mwaka huu, basi ni bakuli hilo la uji.

Na wala hakuwa amedanganya. Alijua kabisa kwamba kila mwaka Zuwena alijaza unga wa kiazi cha uwanga kwenye kopo la maziwa na kuliweka juu ya kabati la vyombo. Aliingia jikoni akinyoosha mkono, na mkono ukarudi na vumbi. Hapo ndipo alipokumbuka lilipokwenda kopo. Alikaa juu ya kigoda akajishika kichwa.

Kopo lilichukuliwa msibani na mtani.

Masanja alikuwa Msukuma aliyehamia upande ule wa Kisarawe na ng'ombe wake miaka kumi na miwili iliyopita. Kwa kuwa Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu, yeye na Zuwena hawakuwahi kusalimiana kwa adabu hata siku moja. Siku ya maziko, watu wakiwa wamejiinamia, Masanja alitokea jikoni amejifunga khanga ya marehemu, kopo kwapani, akitembea kwa mwendo wa Zuwena na kufokea wazee wa heshima waondoe miguu njiani. "Kopo hili ni fidia yangu," alitangaza. "Huyu mama kanitukana miaka kumi na miwili, leo zamu yangu imefika, kakimbia." Waombolezaji walicheka machozi yakiwatoka. Mwinjuma naye alicheka, na ndicho kicheko pekee alichokipata wiki ile. Lakini kitu alichochukua mtani msibani hakidaiwi. Kukidai ni kujitia aibu mbele ya ukoo mzima.

Alikwenda kukidai.

Selina, mke wa Masanja, alimkuta amesimama nje ya uzio wa miiba akizungusha kofia mikononi. "Shikamoo, baba Firdausi. Mbona hupigi hodi?"

Mwinjuma akaeleza, maneno yakimtoka vipande vipande. Selina akaweka mkono mdomoni. "Jamani. Si ule unga wa kutilia nguo wanga? Mama Firdausi mwenyewe alinigawia mwaka juzi, akanionyesha anavyozinyoosha kanzu zako. Nimetilia mashati ya Masanja ya kanisani. Umekwisha tangu Pasaka."

Ushahidi ulijitokeza nyuma ya nyumba wakati huohuo. Ilikuwa Jumapili, na kola ya Masanja ilisimama wima kiasi kwamba ilimlazimu kugeuka mwili mzima ili amtazame mtu.

"Mzaramo," alisema Masanja, "umefuata ugali au umefuata kutukanwa?"

"Umevaa uji wa mwanangu," alisema Mwinjuma.

Ilibidi aeleze upya. Masanja alisikiliza, akaipapasa kola yake taratibu. Selina ndiye aliyesema kwamba si jambo la kukata tamaa, mwezi wa nane ndio wenyewe wa kuchimba, uwanga si umejaa shambani kwake? "Fuata vigae tu," alisema. "Mama Firdausi alikuwa anaweka kigae cha chungu kila penye mmea, maana ukishakauka haubaki hata unyasi."

Mwinjuma akauliza, "Vigae gani?"

Alikuwa anavijua. Baada ya arobaini aliamua kusafisha shamba, watu wasije wakasema mgane kazidiwa. Aliokota vipande vya vyungu, vipande vya sahani, kipande cha mtungi wenye shingo, vyote vilivyokuwa vimetapakaa kwenye mchanga, akavijaza kwenye toroli na kuvimwaga katika shimo la choo cha zamani. Alifanya kazi ile kwa siku tatu, akimwambia Zuwena moyoni kwamba sasa shamba lake linapendeza. Kisha Firdausi na Seifu walikataa akae peke yake, wakamchukua akakaa Mkuza masika yote, kwa hiyo mmea ulipoota na kuchanua hakuuona. Aliporudi mwezi wa sita pamebaki mchanga, nyasi na mikorosho.

Tatizo la uwanga ni hilo. Wakati wa mvua unajionyesha mpaka basi. Unatoa jani moja kubwa lililochanikachanika mithili ya la mpapai, halafu bua refu lenye uwazi ndani, na kileleni maua ya kijani yenye wekundu wa zambarau, yananing'iniza nyuzi ndefu ambazo Zuwena aliziita ndevu. Mvua zikikatika, vyote hivyo vinanyauka na kupeperuka. Chini, kina cha mkono mpaka kiwiko, kinabaki kiazi cha mviringo kinachostahimili jua, moto wa kichaka na kwato za ng'ombe. Kibichi ni kichungu na kinawasha koo. Kikikwaruzwa na kuoshwa maji mengi kinatoa unga mweupe, laini, ambao kwao Zuwena walimpa mgonjwa, mzee asiye na meno, na mzazi.

Walikuwa na hadithi yake pia. Zamani za njaa kulikuwa na mzee aliyefukia chakula chake ardhini ili wageni wasikione. Mungu akamzamisha yeye pamoja na chakula, akaziacha ndevu zake juu ili wenye njaa wajue pa kuchimba. Ule uchungu ni hasira za mzee, ndiyo maana ni lazima uoshwe. Na ukiwa shambani usimtaje jina, akisikia anazama zaidi. Unamwita mwenye ndevu. Mwinjuma alizicheka habari hizo kwa miaka thelathini na moja ya ndoa. Kesho yake, jembe mkononi, alijikuta akinong'ona, "Mwenye ndevu, uko wapi, baba?"

Hakujibiwa. Alichimba Jumatatu kutwa na Jumanne mpaka adhuhuri. Alipata mizizi ya mkorosho, kijiko, na kichuguu chenye siafu waliomfanya acheze ngoma isiyo na jina. Jumanne alasiri alikaa katikati ya mashimo yake akiwaza namna ya kumpigia simu Firdausi. Alijaribu sentensi ya kwanza, ikamkwama. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kugombezwa. Aliogopa ile sauti ndogo.

"Kumbe kweli Mzaramo analima," ilisema sauti nyuma yake. "Ngoja niwaite jamaa wa televisheni."

Masanja alikuwa amesimama pembezoni mwa shamba na fimbo yake, ng'ombe wakiwa nyuma wanamsubiri. Alizungusha macho kwenye mashimo. "Hapa unatafuta maji au unazika kijiji?"

"Niache leo, mtani. Sina nguvu."

"Siwezi kukuacha, nimevaa uji wa mwanao." Akashusha pumzi. "Sikiliza. Wewe hujui vigae vilikuwa wapi, sivyo? Mimi ninajua nilipotukanwa."

Mwinjuma akamtazama.

"Miaka kumi na miwili ng'ombe wangu wakikanyaga mmea wake, ananitukana palepale. Mimi tusi la mtani silisahau, bwana. Nalala nalo." Akaingia shambani, akapiga hatua hadi kwenye mkorosho ulioinama, akasimama na kubana sauti ikawa nyembamba. "Hapa aliniambia: 'We Masanja, hao ng'ombe wanaona aibu kuonekana na wewe, ndiyo maana wanakimbilia kwangu.' Chimba."

Mwinjuma alichimba. Kina cha kiwiko, jembe liligusa kitu kigumu, na mikono yake ikatoa kiazi cha mviringo, cha kahawia, kikubwa kuliko ngumi. Akakipangusa mchanga kwa shati lake.

"Twende," alisema Masanja. Wakaenda mpaka nyuma ya kichuguu cha siafu. "Hapa aliniuliza: 'Mama yako alikuzaa, au alikuokota mnadani wakati watu wananunua mbuzi?' Hii nilimsimulia hata mama yangu, alicheka siku mbili. Chimba."

Vilikuwa viwili pale. Sehemu ya tatu, karibu na mnazi uliokatika kichwa, Masanja alisita. "Hapa hakusema kitu. Alinirushia kandambili."

"Ya mguu gani?"

"Wa kushoto. Ng'ombe mmoja aliitafuna."

Mwinjuma aliikumbuka kandambili ile. Alikuwa ameitafuta nyumba nzima, chini ya kitanda na juu ya dari, huku Zuwena akisaidiana naye kutafuta, uso mkavu, mpaka akamnunulia jozi nyingine. Alianza kucheka akiwa amepiga magoti ndani ya shimo. Masanja aliendelea kutoka mahali hadi mahali, tusi baada ya tusi, na kila mara alipobana sauti, Zuwena mzima alikuwa pale, mkono kiunoni, khanga imelegea, amekasirika na anafurahia kukasirika kwake. Miezi minane Mwinjuma alikuwa akijaribu kuikumbuka sauti ya mke wake kitandani kabla ya usingizi, na haikuja. Sasa ilikuwa inamfokea Msukuma katika shamba zima, na yeye alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Masanja alijifanya anahesabu ng'ombe mpaka mwenzake alipomaliza kujifuta.

Kabla ya kufukia kila shimo, Mwinjuma alifanya kama alivyomwona Zuwena akifanya: alichagua kiazi kidogo kuliko vyote, akakirudisha na konzi ya majivu, na kukiambia lini atarudi. "Mwezi wa nane," alikiambia, akimkwepa Masanja kwa macho.

"Wewe unaongea na viazi," alisema Masanja.

"Wewe unaongea na ng'ombe."

"Ng'ombe wananijibu."

Usafishaji ulikuwa kazi nyingine. Kukwaruza alikujua, kwa sababu bati lililotobolewa misumari aliligongelea mwenyewe. Kuchuja kwa kitambaa alikuwa amekuona. Alichokuwa hajui ni mara ngapi unaosha. Unakoroga ule unga kwenye maji, unauacha utuame, unamwaga maji ya juu, unatia mengine. Hilo lilikuwa wazi. Lakini Zuwena alifanya mara nne au sita? Hata angemuuliza Firdausi, asingejua. Miaka yote alikuwa shule za bweni, akirudi kukuta unga tayari umo koponi.

Kwa hiyo Mwinjuma aliamua kwa ulimi. Baada ya maji ya tano alionja: uliwasha. Ya sita, uliwasha kidogo. Ya saba, Selina, aliyekuja kumwangalia, alionja naye akasema umeiva huo, baba Firdausi, uanike. Mwinjuma akaonja tena, akatafuta uchungu kwenye ncha ya ulimi, akahisi kama upo na kama haupo. Alimfikiria mzazi aliyetoka leba na huo uchungu kooni mwake. Akachota maji ya nane. Halafu, kwa usalama, ya tisa.

Unga ulikuwa juu ya ungo juani, siku ya kwanza tu, haujakauka hata nusu, simu ilipoita. Ilikuwa ni Seifu, anaongea kwa kasi. "Baba, tumeshapata. Mtoto wa kike. Kawahi wiki nzima. Wote wazima, wako hospitali ya Tumbi, kesho asubuhi wanaruhusiwa."

"Alhamdulillahi," alisema Mwinjuma, akaanza kuukusanya unga ule mbichi kwenye kitambaa safi.

Asubuhi alipanda bodaboda mpaka Kiluvya, kifurushi kikidondoka maji mapajani mwake, na kutoka hapo akaunganisha gari mpaka Mkuza. Njia nzima alikuwa akijipangia maneno. Ameshasema kwamba mama aliacha. Basi na iwe hivyo. Mtoto anataka uji wa mama yake, siyo habari za Msukuma na kandambili. Angesema umetoka koponi, Firdausi angekunywa, angelala. Uongo mwingine ni dawa, alijiambia, ingawa imamu asingependezwa.

Alipofika walikuwa wamekwisha kurudi. Firdausi alilala ubavu, amevimba uso, mtoto amefungwa kando yake akiwa na nywele nyingi kupita umri wake. Mwinjuma alimbeba, akamwadhinia sikioni, akamrudisha, na kuingia jikoni kabla hajaulizwa kitu. Mama mkwe wa Firdausi alinyoosha mkono apokee mwiko, hakuupata. Mwinjuma alikoroga mwenyewe, moto mdogo, tui la nazi, iliki mbili, sukari. Ule unga mweupe ulibadilika ukawa wa kung'aa, mzito, ukivutika kwenye mwiko, na hata yeye alishangaa kwamba umekubali.

Alikaa kwenye stuli mbele ya kitanda na kumtazama binti yake akipeleka kijiko cha kwanza mdomoni.

Firdausi alifumba macho. Akameza. Akachukua kijiko cha pili, akakikalisha ulimini kwa muda mrefu.

"Ulikuwa koponi," alisema Mwinjuma, ingawa hakuulizwa.

"Baba."

"Naam."

"Huu si wa mama."

"Ni wa mama yako. Wa nani mwingine?"

"Huu hauwashi."

"Uwashe kwa sababu gani?" Mwinjuma alijibu kwa ukali kidogo, maana alikuwa amechoka na mgongo ulimuuma. "Na maji tisa nimeuosha."

Neno likatoka, likakaa katikati ya chumba. Firdausi aliweka kijiko ndani ya bakuli. "Umeuosha wewe?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Alimweleza yote: kopo, kola ya Masanja, vigae alivyovitupa chooni, mashimo, matusi. Alipofika kwenye mnada wa mbuzi Firdausi alianza kucheka, akijishika tumbo na kumwomba anyamaze kwa sababu anaumia. Kisha akajifuta macho na ncha ya khanga.

"Wa mama ulikuwa unawasha," alisema. "Kidogo tu, hapa kwenye ncha ya ulimi. Tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kumwambia, nilijua atajisikia vibaya. Nilikuwa namwambia mtamu, naomba tena."

 Miaka thelathini na moja, kila Mwinjuma alipougua, Zuwena alimkalia kitako na bakuli lile mpaka alimalize, na kila mara ncha ya ulimi ilimwasha, na kila mara alidhani kosa ni la ulimi wake. Alimaliza bakuli, akasema mtamu, akaomba tena.

"Hata mimi," alisema.

Walicheka wote wawili, na katika kucheka huko Mwinjuma alimtamani mke wake hata akashindwa kukaa sawa kwenye stuli. Alitamani aingie sasa hivi mlangoni awakute wanamsema, amfokee kila mtu kwa zamu yake. Machozi yalimtoka mbele ya mama mkwe na mbele ya Seifu, na hakujishughulisha kuyaficha.

Firdausi alikunywa uji wote. Alikwangua pembeni, akalamba kijiko, akamkabidhi baba yake bakuli likiwa jeupe.

"Mtamu?" aliuliza Mwinjuma.

"Mtamu sana, baba. Umejitahidi." Alimvuta mtoto karibu, akajilaza, macho yakianza kufumba. "Ila mwakani punguza maji."